Kifaa cha Usikivu na Huduma Inayokifuata

Chukulia mzee wa Mbweni, Unguja, aliyeletewa na mwanawe kifaa cha usikivu kutoka ng'ambo. Wiki za mwanzo anaisikia vyema hotuba ya Ijumaa na mazungumzo ya barazani. Baada ya miezi miwili betri zimekwisha, tundu la sauti limeziba kwa nta ya sikio, na kifaa kimelazwa kabatini. Jamaa husema kimeharibika, ilhali kilichokosekana ni huduma.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji msaada kwa sababu ya upungufu mkubwa wa usikivu, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa wanaoweza kufaidika na kifaa, takriban asilimia 17 tu ndio wanaokitumia.

Mabadiliko ya biashara

Kwa desturi, mtaalamu humpima mgonjwa, hukirekebisha kifaa kulingana na vipimo vyake, kisha hutoza bei moja inayojumuisha kifaa na ziara za baadaye. Utaratibu huo umeanza kulegea. Tangu Oktoba 2022, Marekani imeruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani kujinunulia vifaa dukani bila cheti cha daktari. Mnamo Septemba 2024 iliidhinisha pia programu inayozigeuza AirPods Pro kuwa kifaa cha usikivu. Baadhi ya vifaa vipya huchajiwa kama simu, na mtaalamu aweza kuvirekebisha akiwa mbali.

Bei ya kifaa hupungua, lakini kazi iliyokuwa ya mtaalamu humwangukia mtumiaji na jamaa zake.

Mahitaji ya kisiwani

Betri nyingi za vifaa hivi hutumia zinki na hewa. Karatasi yake ikishabanduliwa, betri huanza kufanya kazi na haizuiliki kwa kuibandika tena. Unyevu wa masika, jasho na hewa ya chumvi hudhuru maikrofoni na spika. Hivyo kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu kila usiku, mlango wa betri uachwe wazi, nacho kihifadhiwe katika kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu.

Mnamo Machi 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kuwa watumishi wasio mabingwa, wakipewa mafunzo na usimamizi, washiriki kupima na kurekebisha vifaa. Pendekezo hilo lina uzito Mbweni, ambako Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hufundisha fani za afya. Muuguzi ajuaye kusafisha kifaa na kubadilisha betri aweza kumrudisha mzee barazani.

Kabla ya kununua

Familia na iulize: Nani atakirekebisha? Betri zitapatikana wapi? Dhamana inatambuliwa nchini? Mtoto asinunuliwe kifaa kabla ya kupimwa na mtaalamu. Vilevile, anayetokwa na usaha, anayeumwa sikio, mwenye kizunguzungu, au aliyepoteza usikivu ghafla au upande mmoja, amwone daktari kwanza. Upotevu wa ghafla ni dharura. Matibabu yakichelewa, usikivu huenda usirudi.