Kimya Si Kifo: Kushughulikia Hitilafu za Nodi katika Vishada vya Tarakilishi

Utangulizi

Kishada cha tarakilishi ni mkusanyiko wa mashine nyingi zilizounganishwa kwa mtandao ili zifanye kazi kana kwamba ni mashine moja. Kila mashine katika kishada huitwa nodi. Kadiri nodi zinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa mojawapo kuharibika unavyozidi. Mwaka wa 2003, Ghemawat, Gobioff na Leung wa kampuni ya Google walipoeleza mfumo wao wa kuhifadhi faili, walishikilia kwamba kuharibika kwa mashine ni jambo la kawaida wala si tukio la nadra. Makala haya yanaeleza namna hitilafu hizo zinavyoshughulikiwa. Hoja yake kuu ni kwamba tatizo gumu zaidi si kufa kwa nodi, bali ni kutojua kwa yakini iwapo imekufa. Aidha, yanadhihirisha kwamba Kiswahili kinao msamiati wa kuibeba hoja hiyo.

Kunyamaza, Kushukiwa na Kufa

Nodi haitangazi kifo chake. Kinachoonekana na wenzake ni kimya tu. Ndiyo sababu nodi hutakiwa kutuma ujumbe mfupi mara kwa mara, ambao wataalamu huufananisha na mpigo wa moyo. Mathalani, katika mipangilio ya kawaida ya mfumo wa faili wa Hadoop, nodi za kuhifadhi data hutuma mpigo kila baada ya sekunde 3. Nodi isiposikika kwa takriban dakika 10 na nusu, huhesabiwa kuwa imekufa. Kwa kuwa kila kipande cha faili huwekwa katika nakala 3, nakala zilizopotea hutengenezwa upya kutokana na zile zilizosalia kwingineko.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mfumo usubiri muda wote huo. Jibu ni kwamba kimya kina sababu nyingi. Nodi inaweza kuwa imezimika, imelemewa na kazi, au mtandao ndio uliokatika ilhali nodi yenyewe ni nzima. Muda wa kusubiri ukifupishwa mno, nodi hai itazikwa. Ukirefushwa mno, watumiaji watakosa huduma. Mwaka wa 1985, Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwamba katika mtandao ambao ujumbe waweza kuchelewa bila kikomo, hakuna utaratibu usiotumia bahati nasibu uwezao kuhakikisha kwamba nodi zitaafikiana daima, hata iwapo ni nodi moja tu iwezayo kukoma. Baadaye, mwaka wa 1996, Chandra na Toueg walieleza vitambuzi vya hitilafu ambavyo havihukumu kwamba nodi imekufa, bali huishuku tu, na shaka hiyo yaweza kuondolewa nodi isikikapo tena.

Akidi na Muhula

Hatari kubwa hutokea nodi iliyoshukiwa inapokuwa kiongozi. Wenzake wakimteua kiongozi mpya ilhali wa zamani yu hai upande wa pili wa mtandao uliokatika, kishada hupata viongozi wawili, kila mmoja akipokea maagizo yake. Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja.

Suluhisho ni akidi, neno ambalo Wakenya wamelizoea katika habari za bunge. Uamuzi haukubaliwi mpaka uungwe mkono na zaidi ya nusu ya nodi zote za kishada, zikiwemo zile zilizonyamaza. Katika kishada cha nodi 5, akidi ni 3; hivyo nodi 2 zaweza kuanguka na kazi ikaendelea. Katika kishada cha nodi 4, akidi bado ni 3. Hivyo ni nodi 1 pekee iwezayo kuanguka, sawa na kishada cha nodi 3. Ndiyo maana idadi witiri hupendelewa. Msingi wa akidi ni kwamba makundi mawili yenye wingi hayawezi kukosa mwanachama wa pamoja, na mwanachama huyo hulijulisha kundi la pili yaliyoamuliwa na la kwanza. Si ajabu kwamba Leslie Lamport, katika makala yake ya mwaka wa 1998, aliueleza utaratibu wa aina hii kwa kisa cha kubuni cha bunge la kisiwa cha Paxos huko Ugiriki, ambalo wabunge wake waliingia na kutoka watakavyo.

Utaratibu wa Raft, uliochapishwa na Ongaro na Ousterhout mwaka wa 2014, huupa kila uongozi nambari ya muhula. Kiongozi wa zamani akirejea na muhula uliopitwa, maagizo yake hukataliwa, naye hujiuzulu.

Funzo la Sekunde 43

Tarehe 21 Oktoba 2018, mawasiliano ya kituo kikuu cha data cha kampuni ya GitHub katika pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Nodi za usimamizi zilizoendelea kuwasiliana zilitimiza akidi, zikauhamishia uongozi wa hifadhidata pwani ya magharibi. Hata hivyo, hifadhidata za mashariki zilikuwa zimepokea maandishi ambayo hayakuwa yamefika magharibi. Mawasiliano yaliporejea, kila upande ulikuwa na data ambayo mwenzake hakuwa nayo. Kampuni iliamua kulinda data badala ya kuharakisha huduma, na dosari zikaendelea kwa saa 24 na dakika 11.

Akidi ilipatikana kuhusu nani aongoze, lakini haikupatikana kuhusu kila andiko lililokwisha kupokewa. Kumteua kiongozi pasi na kuhakikisha kwamba amerithi data zote ni kutatua nusu ya tatizo.

Hitimisho

Imebainika kwamba nodi hunyamaza, kisha hushukiwa, na hatimaye huhesabiwa kuwa imekufa. Vitenzi hivi vitatu vya kawaida, pamoja na nomino akidi na muhula, vinatosha kuyaeleza mambo ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa hayasemeki kwa Kiswahili. Mwalimu au mfasiri atakayetumia kitenzi kufa kwa hatua zote tatu hatakuwa ameteleza kiistilahi tu. Atakuwa amerudia kosa lile lile ambalo wahandisi hujitahidi kuliepuka, yaani kumzika aliye hai.