Safu ya Ushauri: Prado ya Mjomba na Kilomita 268,000

Toyota Prado ya mwaka 2008, dizeli, viti saba, kilomita 268,000 kwenye dashibodi, bei shilingi milioni 1.8: hilo ndilo gari linalomnyima usingizi msomaji mmoja wa Bofa, Kilifi. Ni mama wa watoto wanne, mumewe ni mwalimu, na nyumba yao haiko mbali na ufuo. Mama mkwe anaishi Ganze, ambako njia ya kufika nyumbani kwake hugeuka tope masika yakiingia. Akiba yao pamoja na mkopo wa sacco ni milioni 1.9. Muuzaji ni mjomba wa mume, naye ameshasema gari lake halina haja ya fundi, kwa kuwa hawezi kumwuzia mpwa wake gari bovu. Mume anataka kulipa mwisho wa mwezi. Mke anauliza kama kilomita hizo si nyingi mno.

Kilomita ndizo huwatisha wanunuzi kuliko kitu kingine, ingawa peke yake husema machache. Gari linaloteremka Mombasa kila siku, kilomita kama 60 kwenda na nyingine 60 kurudi, hukusanya namba kubwa upesi, lakini injini yake hupata moto sawasawa, gia hazibadilishwi ovyo, na breki hupumzika. Linalopeleka watoto shule, likasimama sokoni kisha likarudi nyumbani, hutembea kilomita chache tu, na oili yake haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo. La pili laweza kuwa limechoka zaidi ya la kwanza. Injini za dizeli za Prado zilizotunzwa zimezoeleka kupita kilomita 400,000 kabla ya kufunguliwa.

Tena namba ya dashibodi hubadilishwa, na kwa mwenye kifaa ni kazi ya dakika chache. Kwa hiyo isomwe pamoja na vitu vingine. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Prado ya 2008, ikiwa ililetwa imeshatumika, haikuweza kupita bandarini baada ya 2015. Ikiwa ilitoka Japani, mjomba atakuwa na cheti cha kule, au angalau nakala. Humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa kule. Tuseme cheti kinaonyesha 110,000. Basi gari limetembea 158,000 likiwa hapa, mwendo wa kawaida kwa miaka iliyopita. Risiti za kubadilisha oili, vibandiko vya gereji kwenye mlango, mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, pembe ya kiti cha dereva upande wa kushukia: vyote hivi vipatane na namba. Gari la umri huo linaloonyesha kilomita 95,000 huku pedali zake zimelainika kama sabuni linafaa kuogopwa kuliko hili la 268,000 ambalo mwenyewe hafichi kitu.

Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi Bofa ni kutu. Hewa ya bahari huleta chumvi mwaka mzima, na miezi ya kusi huifikisha mpaka ndani ya vyumba, sembuse chini ya gari. Kuna pia kosa ambalo watu wengi wa mwambao hulifanya kwa nia njema: gari huoshwa kila Jumamosi kwa maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Kadiri mwenye gari alivyo msafi, ndivyo chesisi inavyoliwa. Magari yaliyowahi kutumika karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, yachunguzwe mara mbili. Yale yaliyoletwa kutoka Uingereza nayo yana historia yao, kwa sababu kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na yapo yaliyofika Mombasa tayari yameanza kuliwa.

Prado imejengwa juu ya chesisi ya chuma iliyo peke yake, na bodi imekalishwa juu yake. Bodi yaweza kupigwa rangi ikang'aa huku chesisi imekwisha. Fundi atandike mkeka, aingie chini ya gari na tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Aanzie pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kisha pale mikono ya saspensheni inapofungwa, maana humo ndimo tope hukaa na unyevu wake, na matundu ya kutolea maji huziba. Chuma kizima kikigongwa hutoa mlio mkali. Kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyofifia, na magamba ya kahawia humwangukia fundi usoni. Bisibisi ikizama, kazi imeisha. Hakuna bei ya kujadiliana. Vibati vilivyochomelewa juu ya chesisi vina maana ileile, na rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi upande wa chini ni sababu ya kukwaruza zaidi, si ya kuridhika. Mabomba ya breki yanayokwenda nyuma yafuatwe kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gari lenye watoto wanne haliwezi kutegemea bomba lililoanza kuchimbika.

Baada ya chesisi ndipo boneti ifunguliwe. Kwenye kibati cha utambulisho, herufi KDJ120 zinaonyesha dizeli ya lita 3.0 inayoitwa 1KD; TRJ120 ni ya petroli ya lita 2.7. Dizeli hii ina nguvu na haili mafuta sana, ila ina ugonjwa mmoja unaojulikana na mafundi wanaoifahamu. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayozuia moshi wa silinda usipenye. Washa ikichoka, moshi hupenya ukaingia kwenye oili, oili ikageuka nzito kama lami, na masizi yakaenda kuziba chujio lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini hukosa oili ghafla ikafa, wakati mwingine barabarani, bila kutoa moshi wala kelele siku nyingi kabla. Kwa hiyo swali la kumwuliza mjomba lisiishie kama anabadilisha oili. Aulizwe ni lini nozeli ziliwahi kutolewa na washa kubadilishwa, na risiti iko wapi. Kama hakuna risiti, sampu ifunguliwe na chujio litazamwe kwa macho kabla hata shilingi moja haijatoka. Ni kazi ya nusu siku, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na injini.

Injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 150,000 hivi. Mkanda wa pili, kwa hesabu za gari hili, bado haujafikia muda wake ikiwa wa kwanza ulibadilishwa kwa wakati. Taa ya mkanda kwenye dashibodi huzimwa kwa urahisi na haithibitishi chochote. Ni risiti tu inayothibitisha. Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni, na bei ya matengenezo huwa kilio.

Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa. Muuzaji akikutwa ameshaliungurumisha gari, wageni warudi kesho yake alfajiri. Mlio wa kugonga wakati wa baridi huashiria nozeli mbovu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha waweza kuwa maji yanayoingia ndani ya silinda. Mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri. Kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe injini ikinguruma: mvuke mwepesi ni kawaida kwa dizeli, lakini moshi unaosukuma kwa nguvu unaonyesha kuwa ringi zimechoka. Maji ya rejeta yasiwe na utando wa oili.

Halafu lipelekwe Mombasa, kwa sababu mbili. AA Kenya wana tawi huko na hukagua magari kwa malipo, nao hawana udugu na mtu yeyote katika mkataba huu. Na safari yenyewe ni kipimo kizuri. Kutoka Bofa, kuvuka daraja la Kilifi, hadi Mtwapa, gari hukimbia vya kutosha kuonyesha usukani unaovuta upande mmoja, magurudumu yanayotetema na giaboksi inayosita. Kisha linaingia kwenye msongamano wa Mtwapa, jua kali, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Sindano ya joto ikipanda hapo, itapanda pia siku ambayo mama mkwe amezidiwa na anakimbizwa hospitali. Kabla ya kurudi, gia za nguvu za magurudumu manne zijaribiwe kwenye mchanga, za juu na za chini. Madereva wengi hawajazigusa kwa miaka, na zikiwa zimeganda, Prado hiyo itapoteza sehemu kubwa ya faida yake kwenye tope la Ganze. Viti vya safu ya tatu viwe na mikanda inayofunga.

Karatasi hazihitaji maneno mengi, ila haziruhusu kuruka hatua. Rekodi za gari zitafutwe NTSA kupitia e-Citizen: jina la mwenye gari, nambari ya chesisi na ya injini, na kama kuna benki au kampuni ya mikopo inayolidai. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali inayohamishika, mikopo ya aina hiyo husajiliwa pia kwenye rejista inayosimamiwa na Business Registration Service, na rejista hiyo nayo ipekuliwe. Si ajabu jina lililo kwenye logibuku likawa la mtu aliyemwuzia mjomba, kwa kuwa wengi huahirisha uhamisho. Sheria ya trafiki hutoa siku 14 baada ya kuuziana. Jina likiwa si lake, mjomba alirekebishe kwanza. Malipo yapite benki, na kuwe na mkataba ulioandikwa wenye mashahidi, hata kama wote ni wa ukoo mmoja. Kampuni ya bima nayo iulizwe mapema, maana nyingi huweka kikomo cha umri kwa bima kubwa, na gari la 2008 laweza kuambulia bima ya mtu wa tatu pekee. Likiibwa au likiungua, familia itabaki na mkopo wa sacco bila gari.

Bei ya milioni 1.8 haimaanishi mjomba ni mchoyo. Ushuru wa forodha wa magari yanayoingizwa Kenya ulipandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, na matokeo yake ni kwamba magari ya zamani yaliyomo nchini yameshikilia bei. Shida iko kwenye mfuko wa mnunuzi. Baada ya malipo watabaki na laki moja. Tairi tano za Prado zinaweza kuimaliza yote. Nozeli nne mpya za asili hupita hapo. Na kuna bima, ada za uhamisho, mkanda, bushi na shokabzoba ambazo gari la umri huu hudai ndani ya mwaka wa kwanza. Anayenunua gari lenye kilomita nyingi atenge angalau sehemu moja ya tano ya bei yake kwa matengenezo, na kwa hesabu hiyo milioni 1.9 hainunui gari la zaidi ya milioni 1.58 hivi.

Familia ijiulize pia huenda Ganze mara ngapi. Ikiwa ni mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote ni lami ya Kilifi, Malindi na Mombasa, Toyota Noah ya petroli itawabeba wote, fundi wake yuko kila kituo, na wakati wa tope pikipiki au gari la kukodi litamaliza kipande kilichobaki. Ikiwa mama mkwe ni mgonjwa na safari ni za kila wiki, hoja ya Prado ina uzito.

Limebaki la mjomba, na hilo ndilo linalomwelemea mume. Mpwa kumwambia mjomba kwamba neno lake halitoshi ni jambo zito, naye asilibebe peke yake. Mama mkwe wa Ganze ni dada wa mjomba huyo. Yeye ndiye wa kutumwa. Maneno yake yawe wazi na ya kweli: "Kaka, hizi pesa ni za mkopo, na nyumba nzima italipa. Waruhusu watoto walipeleke gari kwa fundi, gharama ni yao." Mjomba anayelipenda gari lake na mpwa wake atakubali, na huenda akatoa risiti ambazo hakuna aliyemwomba. Akikataa hata baada ya dada yake kumwomba, jibu limepatikana, na kukosana kidogo sasa ni heri kuliko kukosana miaka mitatu huku mkopo ukikatwa kwenye mshahara.

Kwa gari hili kilomita 268,000 hazizidi kiasi, lakini milioni 1.8 kwa familia yenye milioni 1.9 zimezidi. Malipo ya mwisho wa mwezi yasimamishwe. Chesisi ikiwa nzima, chujio la sampu likiwa safi, risiti ya mkanda ipo, jina la logibuku ni la mjomba na bei imeshuka hadi milioni 1.5, familia inunue bila hofu. Likikosekana mojawapo ya hayo, wasinunue.