Usiseme "Dawa ya Kipindupindu"

Jioni ya tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa Macomia na visiwa vya Kerimba. Kisiwani Ibo, ambako wenyewe hupaita Wibu, nyumba nyingi zilibaki kuta tupu. Umeme ulikatika, simu zikanyamaza. Wiki moja baadaye kipindupindu kilikwisha kutangazwa mjini Pemba: visima vimeingiwa na maji machafu, vyoo vimebomoka, na watu wanakunywa walichokipata. Katikati ya Mei wahudumu wakaanza kugawa chanjo ya kunywa.

Bahari inazidi kupata joto, na vimbunga vikali hujilisha joto hilo. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido, kilichotoka kuivunja Mayotte, kiliingia nchi kavu wilayani Mecufi, kusini ya Pemba, na watu zaidi ya 100 wakafa Msumbiji. Kila upepo wa namna hii huacha nyuma yake maji yasiyonyweka, na huacha maneno pia. Makala hii ni ya maneno hayo: jinsi ya kuyapokea, jinsi ya kuyapima, na jinsi ya kumfikishia habari ya afya mtu umpendaye aliye Palma, Mocímboa da Praia, Quissanga au Wibu, uwe umekaa Pemba, Mtwara au mbali zaidi.

Jambo la kwanza limechunguzwa miaka mingi, nalo ni la jina. Marehemu Carlos Serra, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, alichapisha mwaka 2003 kitabu *Cólera e Catarse* kuhusu ghasia za kipindupindu kaskazini mwa Msumbiji. Watu walikuwa wakiwashambulia wahudumu wa afya, watu wa Msalaba Mwekundu na viongozi wa mitaa, wakiwatuhumu kwamba wanatia ugonjwa visimani. Wahudumu walikuwa wakitia klorini, ambayo kwa Kireno ni *cloro*. Ugonjwa wenyewe ni *cólera*. Masikioni mwa asiyekizoea Kireno maneno hayo mawili yanakaribiana mno. Lakini Serra hakuishia kwenye matamshi. Alionyesha kwamba chini ya uvumi kuna kutoaminiana kati ya watu na wenye mamlaka. Kijiji ambacho hakijawahi kuletewa maji ya bomba kinamwona afisa siku ya ugonjwa tu, amebeba ndoo ya kitu chenye harufu kali. Anayewaita watu hao wajinga hajawasikiliza.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Dawa ya kikohozi inaondoa kikohozi. Dawa ya panya inaua panya. Dawa ya usingizi, je? Inaleta usingizi. Basi mtu akija na ndoo na kusema, "Nimeleta dawa ya kipindupindu," lugha yenyewe imeuacha mlango wazi: ni dawa ya kuondoa au ya kuleta? Kimwani, lugha ya pwani hii, ni ndugu wa Kiswahili na kina njia hiyohiyo ya kuunganisha maneno. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo na haugharimu kitu: sema "dawa ya kusafisha maji". Sema "chanjo ya kujikinga na kipindupindu". Usifupishe, hata ukiwa na haraka.

Uvumi unaua kama ugonjwa. Tarehe 7 Aprili 2024, mkoani Nampula, chombo cha uvuvi kilichojaa kupita kiasi kilitoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Viongozi wa mkoa walisema abiria wengi walikuwa wakikimbia kwa hofu ya habari potofu za kipindupindu. Karibu watu 100 walikufa maji, watoto wengi wakiwamo. Naomba msomaji asiipite habari hii haraka. Hao hawakuuawa na kipindupindu.

Sasa tuitazame simu. Ujumbe wa sauti unapendwa sana pwani kwa sababu hauhitaji kusoma, na unabeba lugha ya nyumbani. Ubaya wake ni kwamba sauti haina tarehe. Onyo la kimbunga cha mwaka jana likisambazwa leo linasikika kama la leo. Kabla ya kuusambaza ujumbe wowote, tafuta ndani yake mambo matatu: nani anasema, siku gani, mahali gani. Likikosekana hata moja, mrudie aliyekutumia umuulize. Akisema naye ametumiwa tu, ukomee kwako. Ukirekodi wa kwako, anza na jina lako, siku na mji.

Saa nayo inahitaji uangalifu ambao sijaona ukitajwa mara nyingi. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Redio ya Dar es Salaam ikisema upepo utafika saa nane mchana, Palma wakati huo ni saa saba. Juu ya hapo, wengine huhesabu saa kwa Kiswahili na wengine kwa Kireno, ambako hiyo saa saba huitwa saa 13. Mtu wa Mtwara anayemwonya mjomba wake aliye ng'ambo ya mto Ruvuma anaweza kumkosesha saa nzima ya kujiokoa. Tumia nyakati ambazo kila mtu anaziona: kabla ya adhuhuri, baada ya alasiri, jua likizama.

Rangi pia. Msumbiji hutumia rangi tatu kuonya kuhusu kimbunga, na katika vijiji vyenye kamati za maafa hupandishwa bendera. Buluu: kimbunga kinaweza kufika kati ya saa 24 na 48 zijazo. Manjano: kati ya saa 6 na 24. Nyekundu: chini ya saa 6. Ukimpigia mtu, usimwambie rangi peke yake, mwambie na kazi ya kufanya. Kwenye buluu, jaza maji safi kwenye vyombo vyenye vifuniko, chaji simu, tafuta betri za redio, na funga dawa za kila siku pamoja na kadi za kliniki kwenye mfuko wa plastiki. Wenye dawa za presha, kisukari au virusi vya Ukimwi wasizisahau, maana barabara ikikatika huenda wasipate nyingine kwa wiki. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asogee karibu na hospitali siku hiyo. Nyekundu ikipanda, kinachobaki ni kuwa ndani ya jengo imara na kukaa mbali na ufuo.

Ziko kazi nzuri za kidijitali. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanaoitwa *agentes*, wamewahi kupewa simu zenye programu ya upSCALE inayowaongoza kumpima mgonjwa hatua kwa hatua na kupeleka taarifa, na Cabo Delgado ni mmojawapo wa mikoa iliyofikiwa. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini pwani hii imeonja mara nyingi siku ambazo mtandao haupo: wakati wa Kenneth, na tena Machi 2021 Palma iliposhambuliwa na waasi na mawasiliano yakakatika. Mpango wa afya unaotegemea simu peke yake utazimika siku unapohitajika zaidi. Kwa hiyo kabla kaskazi haijaanza kuvuma, juaneni: agente wa karibu anakaa wapi, nani mtaani ana redio ya betri, nani ana megafoni. Redio ya taifa ina kituo Pemba kinachotangaza pia kwa Kimwani, Kimakonde na Kimakua. Lugha hizo zinahitajika, maana vita imewachanganya watu. Oktoba 2020 maelfu walishuka kwa mashua ufukweni Paquitequete, Pemba, na leo mtaa mmoja unaweza kuwa na lugha nne. Kireno cha bango ukutani hakimfikii bibi aliyekimbia kutoka kisiwani.

Na bibi huyo haambiwi kwa amri. Ukianza na "msiguse, msile, marufuku", umempoteza. Mjukuu anaweza kumtumia sauti kama hii:

"Asalaam alaykum, bibi. Ni mimi mjukuu wako, niko Pemba, leo Jumatatu. Nimesikia kuna watu wanaharisha huko mtaani. Watu wa afya wakija na dawa ya kusafisha maji, waombe watie mbele yako, na wanywe hayo maji mbele yako pia baada ya nusu saa. Ukiwa na swali waulize, si utovu wa adabu. Kisha nitumie sauti unieleze wamesemaje."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inaomba jibu. Mhudumu wa afya anayekasirika akiombwa kunywa maji aliyoyatibu ameipoteza nafasi bora aliyopewa siku hiyo.

Mtu akianza kuharisha maji maji kama ya kuoshea mchele, usisubiri ujumbe wa mtu. Kipindupindu kikali kinaweza kuua kwa saa chache, kwa kumaliza maji mwilini, na wengi hupona wakirudishiwa maji hayo mapema. Mpe *soro* ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi. Kama haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Anywe kidogo kidogo bila kukoma, hata akitapika, huku mkimpeleka kituoni. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Chumvi isizidi, inadhuru.

Watu huogopa mahema ya matibabu kwa sababu wanaona jirani anaingia na hawamwoni tena. Hapa simu inaweza kufanya kazi ambayo bango haliwezi. Usimpige picha mgonjwa wala usimrushe kwenye kundi. Mwulize, akishapata nguvu, kama yuko radhi kurekodi sauti yake mwenyewe na kuituma nyumbani: kwamba yu hai, kwamba anakunywa soro, na nani amletee nguo za kubadilisha.