Somo la Ufundi: Kazi Yetu na Kazi ya Fundi



Hapa Magarama, mjini Gitega, wenzetu wenye gari ni wachache, na mara nyingi gari hilo moja linahudumia ukoo mzima. Limenunuliwa likiwa limekwisha kutumika miaka mingi ng'ambo. Leo linabeba mgonjwa, bibi harusi na magunia ya maharagwe. Likiharibika, mshahara unaishia gereji. Somo hili linaeleza kazi tunazoweza kuzifanya wenyewe uani, na zile tunazopaswa kumwachia fundi.

1. Barabara yetu

Gari la kwenda Bujumbura hupitia Muramvya, likapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo huteremka hadi Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi. Mteremko huo wote hauzidi kilomita 40. Kwenye mlima injini hupata moto, kwenye mteremko breki hupata moto. Kwa hiyo tunaanza na oili, maji na breki.

2. Oili

Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika tano. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Kuzidisha nako ni kosa. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Usiwashe tena, mwite fundi.

Oili chafu usiimwage mgombani wala mtoni, kwa maana maji hayo tunayanywa. Ihifadhi katika dumu uipeleke gereji.

3. Maji

Tazama maji ya rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto: maji hayo yamebanwa kwa nguvu, yatakurukia usoni. Wengi hudhani kifuniko ni cha kuziba tu. Sivyo. Penye urefu wa Bugarama, maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kifuniko kizima hubana maji ya rejeta yasichemke mapema. Mpira wake ukipasuka, nunua kingine cha namna ile ile. Bei yake ni ndogo kuliko ya injini.

Ikiwa maji yanapungua kila siku, yanatoka mahali fulani. Chunguza mipira na chini ya gari. Kuongeza tu kila asubuhi hakuponyi ugonjwa.

4. Breki

Kazi yetu hapa ni kutazama na kusikiliza. Mafuta ya breki yakishuka katika kichupa chake, ama breki zimelika, ama kuna mahali panavuja. Pedali ikizama au ikiwa laini, au ukisikia chuma kikisaga chuma, safari hiyo ivunjwe, hata kama ni ya msiba.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakizeeka na kupata moto mteremkoni, unyevu huo hugeuka mvuke, na pedali hukanyaga hewa. Ndiyo sababu fundi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi. Dereva naye ateremke kwa gia ndogo, injini isaidie kushika gari. Kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli ni hatari: breki huwa nzito na hazishiki kama kawaida.

5. Matairi, betri na petroli

Kabla ya kubadili tairi, weka mawe kwenye magurudumu mengine na ulegeze nati gari likiwa bado chini. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukifunga, uwe wa mwisho. Usivute sigara karibu nayo, kwa sababu hewa itokayo ndani yake hulipuka.

Tangu mwaka 2021 nchi yetu imepata vipindi vya uhaba mkubwa wa petroli, na wengine wakazoea kununua ya dumu. Tia kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie: maji ni mazito kuliko petroli, yataonekana chini. Dumu hilo lisilale ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ulifikie jiko la makaa.

6. Kazi ya fundi

Kufungua breki, usukani na injini ni kazi ya fundi, awe wa hapa Gitega au wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaosifika kwa mafundi wake na Kiswahili chake. Mweleze ulichosikia, wapi na lini. Patana bei mapema, na umwombe akuonyeshe kifaa kilichotolewa. Fundi mwaminifu hatakasirika.

7. Gari la kazini

Haya ni kwa gari letu. Lori la kiwanda au la shamba la chai likiwa na breki mbovu, dereva asilitengeneze kwa siri ili asionekane mkorofi. Aandike ubovu huo katika daftari pamoja na tarehe, na mjumbe wa wafanyakazi ajulishwe. Wanaopanda nyuma ya lori hilo ni wenzetu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa zaidi milimani?
2. Mafuta ya breki yakishuka, yanatuambia nini?
3. Ni nani kazini kwetu anayepokea taarifa ya gari bovu, na huiandika wapi?