SOMO: FUNZA WA NYAMA HUTOKA WAPI?

Zamani watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba nyama ikioza huzaa funza yenyewe. Vitabu vimesema, basi!

Mwaka 1668 daktari Mwitalia, Francesco Redi, alieleza jaribio lake. Alitia nyama katika vyombo. Vingine aliviacha wazi, vingine alivifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Nyama yote ikaoza, lakini funza walitokea katika vile vya wazi tu. Kumbe funza ni watoto wa nzi!

Redi hakubishana kwa maneno matupu. Alijaribu, akalinganisha. Kwa njia hiyo wataalamu wa wakati ule waligeuza elimu ya viumbe. Nasi tufunike chakula.

Swali: Kwa nini Redi aliacha vyombo vingine wazi?