Baba Alipoandikiwa Insulini

Likizo iliyopita nilimsindikiza Baba kliniki ya kisukari. Ametumia vidonge miaka kumi na moja, na siku hiyo daktari akamwambia havitoshi tena, aanze sindano. Hakusema neno mpaka tulipokaribia Bombo: "Mwanangu, jirani yetu alianza sindano, hakumaliza mwaka."

Jirani alikubali sindano figo zikiwa zimeshaharibika. Hilo Baba hakulijua, na naandika kwa sababu wengi wetu tuna mzazi mwenye hofu hiyo.

Metformini hupunguza sukari inayotolewa na ini. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Lakini katika kisukari cha aina ya pili, chembe zinazotengeneza insulini hupungua mwaka hadi mwaka. Zikibaki chache, kulisukuma kongosho ni kumchapa punda aliyechoka. Hapo mgonjwa huongezewa insulini kutoka nje, mara nyingi pamoja na metformini ileile. Nikiri kwamba sisi watoto tulikuwa tukimlaumu Baba kwa chai yake.

Akauliza kama dawa hiyo si ya nguruwe. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, ila tangu 1982 inauzwa insulini ya binadamu inayotengenezwa maabara kwa bakteria au hamira. Chupa yake ilikuwa ya aina hiyo.

Na Ramadhani? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano ya chini ya ngozi isiyo ya lishe haibatilishi saumu, wala kutoa damu ya kupima. Kuchomwa sindano ni jambo moja, kuweza kufunga ni jingine. Daktari apange dozi upya kabla ya mwezi kuandama, na sukari ikishuka chini ya 3.9 (yaani 70 kwa vipimo vya miligramu), mgonjwa afungue papo hapo: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.

Friji hatuna. Muuguzi alitufundisha kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini. Chupa ikishafunguliwa hutumika wiki nne tu.

Usiku wa kwanza alinipa mimi bomba, yuniti kumi, na mkono wangu ulitetemeka kuliko wake. Usiku wa tatu alijichoma mwenyewe, baada ya Isha, akatukataza kusogeza chungu chake.