Msiwapeleke Watoto Kutazama Mawe

Wadogo zangu wa Mbulu, Dongobesh na Haydom, na ninyi wa Katesh mnaonilalamikia kwamba nawasahau, sogeeni. Likizo inakaribia, na swali linanijia kwa sura nyingi: tunataka kuwapeleka watoto kuona magofu, twende wapi, na hawa wadogo wataelewa nini?

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloharibu safari. Mtoto wa miaka sita haoni karne. Mwambie hapa watu waliishi miaka mia tano iliyopita, atakuitikia vizuri tu, kisha atauliza soda iko wapi. Anachokielewa ni kazi: nani alibeba jiwe hili, maji yalipita wapi, mbuzi walilala wapi. Na kwa hilo watoto wetu wana mtaji. Mtoto wa Mama Isara, huku kwetu Mbulu, ameyaona matuta na makinga maji ya mteremkoni tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Ndiyo maana kwa walio Mbulu mimi nasema Engaruka, wala sisiti.

Engaruka iko wilaya ya Monduli, kaskazini ya Mto wa Mbu, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa. Msiende mkitarajia kasri au msikiti wa mawe kama Kilwa Kisiwani. Lile ni shamba. Kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, wakulima walikaa pale katika vijiji vilivyojengwa ngazi kwa ngazi mteremkoni. Chini ya vijiji waliigawa ardhi kwa kingo za mawe, eneo la hekta kama 2,000, wakaingiza maji kwa mifereji kutoka vijito vinavyoshuka toka milima ya Ngorongoro. Zao lao kubwa lilikuwa mtama. Mawe yamepangwa tu, hayana saruji wala chokaa, na bado mengi yamekaa pale pale yalipowekwa. Baadaye watu wakaondoka, na kupungua kwa maji ya vijito ni moja ya sababu zinazotajwa sana.

Sasa, mkifika, msianze na maelezo. Simama na mtoto kwenye ukingo mmoja, mwonyeshe mlima ulipo, umuulize: shamba hili lingekuwa lako, maji ungeyaleta kwa njia gani? Mwache anyooshe kidole, akosee, abishane na kaka yake. Kisha ndipo mfuate mfereji wenyewe mwone nani alikuwa karibu na ukweli. Mwongozaji wa kijijini mchukueni, ni lazima na ni haki yake, ila mwombeni mapema aanze na mfereji, tarehe ziwe baadaye. Wengi wamezoea wageni wanaotaka tarehe. Mkubwa wa darasa la tano mpe daftari achore ramani ya maji. Huyo hatakusumbua tena mpaka jua lianze kuuma.

Na litauma. Watoto wa Mbulu wamelelewa na ukungu na masweta. Kule chini ni joto, vumbi na miiba ya migunga. Kofia kwa kila mmoja, viatu vya kufunika vidole, maji mengi kuliko unavyodhani. Mikono isiingie kwenye nyufa za mawe, maana nyoka nao wana makazi. Jiwe halitolewi lilipo hata kama ni dogo na zuri, na kingo hazipandwi. Ukuta usio na saruji hubomoka kwa mguu mmoja wa mtoto, na hakuna atakayerudi kuupanga.

Kuhusu njia niwe mkweli. Kutoka Mbulu kwenda Engaruka na kurudi siku moja, pamoja na watoto, mimi siafiki. Kuna mashimo na vumbi mpaka Karatu, kuna kona za kushuka ukuta wa Manyara zinazotapisha, halafu kuna njia ndefu ya kupitia Selela. Laleni Mto wa Mbu, gesti ziko za kila bei, muondoke alfajiri. Mtafika kabla ya joto, na saa sita mko mnarudi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mwacheni kwa bibi, kama bibi anakubali. Hana anachokidai Engaruka. Kama lazima aje, kitenge mgongoni, kwani kigari cha mtoto mle ni mzigo mtupu.

Ndani ya gari wapeni hadithi, msiwape simu. Tunayo moja inayofaa kabisa. Wazee wa Kiiraqw husimulia juu ya kiongozi Haymu Tipe aliyekaa Ma'angwatay. Vijana wake walichoshwa na amani, wakamteka mwanawe wa pekee, wakamwambia awatafutie adui wa kupigana naye, la sivyo mtoto atakufa. Akaenda kumwomba mkuu wa Wabarbaig alete wapiganaji. Walipokuja, vijana wale walishindwa vibaya. Haymu Tipe akachukua familia yake akahama, na kuhama huko kituo kwa kituo ndiko kulikowafikisha watu Mama Isara. Damu punguzeni kwa wadogo. Na kama baba watoto ni Mbarbaig, mwacheni asimulie yeye. Mtasikia hadithi nyingine kabisa.

Mtoto mwerevu atauliza: basi waliojenga Engaruka ni babu zetu? Jibu lake ni tamu kwa sababu halijafungwa. Wapo wataalamu waliowataja Wairaqw, wapo waliowataja Wasonjo, ambao nao ni mabingwa wa mifereji. Lakini Ma'angwatay ya wazee wetu, wengine huiweka upande wa Kondoa, kusini, wakati mawe yako kaskazini. Mwambieni hivyo hivyo. Msimpe ukoo wa uhakika kwa sababu tu unapendeza.

Ninyi wa Katesh, kwenu ni rahisi zaidi. Lami inawapeleka Babati, kisha mnashika barabara ya Dodoma mpaka Kolo, na jioni mko nyumbani. Pale hakuna magofu, kuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951. Pitieni kwanza ofisi ya kituo pale kijijini, ndipo muanze kupanda. Njia ya mwisho ni ya kupumzika mara nyingi. Mpeni kila mtoto mnyama wake wa kutafuta ukutani, mmoja twiga, mwingine pofu, na anayeona kwanza anyamaze mpaka wenzake waone. Kugusa ni mwiko, na asije mtu akaimwagia michoro maji ili rangi ing'ae; ujanja huo huiharibu. Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko ya wenyeji, kwa hiyo sauti chini, na mkikuta watu wana shughuli yao, subirini au ondokeni.

Watoto wenu wa Hanang wanaijua adabu hiyo tayari kama walishafundishwa kutokanyaga bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wa Kidatoga. Wakumbusheni tu.

Viingilio ulizeni mapema na mbebe taslimu, mtandao wa simu hauaminiki. Chakula: viazi vitamu, chapati, mayai ya kuchemsha. Maziwa yaacheni, yatachacha. Na ndizi nyekundu za Mto wa Mbu mnunue wakati wa kurudi, maana mkinunua wakati wa kwenda, zitaisha kabla ya Selela na mtafika Engaruka na watoto wenye matumbo yanayouma, mkitafuta kichaka.